Plastiki ipi inarejelezwa kweli hapa Dodoma: anza na mzani, namba ya pembetatu baadae

Mwaka juzi sisi majirani kama kaya nane hivi huku Nkuhungu tulikubaliana tuache kuchoma taka, kila mtu atenge plastiki zake tukusanye kwangu kwa sababu nina ua mkubwa. Tukakusanya karibu miezi mitatu, salfeti sita zimejaa mpaka hazifungiki, chupa za maji, vikombe vya mtindi, mapakiti ya biskuti, maboksi ya chipsi, madumu yaliyopasuka, mifuko ya maziwa, yaani kitu chochote chenye kile kialama cha mishale mitatu kiliingia humo. Tukakodi guta mpaka kwa mnunuzi. Kijana wa mzani akamwaga salfeti ya kwanza chini, akachambua chambua kwa mguu, akaniambia "Mama, hapa mi nachukua makopo na hayo madumu, mengine rudi nayo." Makopo kwa lugha yao ni chupa za maji na soda. Salfeti sita zikawa mbili. Nne nikarudi nazo nyumbani kwenye guta lile lile, nalipa nauli mara ya pili.

Hela iliuma ila kilichoniuma zaidi ni wale watoto wa majirani waliokua wanaosha vikombe vya mtindi kila siku kwa maji ya kununua, wakiamini vinaenda kutengenezwa kitu. Tangu hapo nimekua nauliza kila mtu, wanunuzi, waokota makopo, mafundi wa mashine za kusaga plastiki, na nimejifunza mengi ambayo kama ningeyajua mapema zile salfeti nne zisingejazwa. Nayaandika hapa kwa mpangilio wa kufuata, kwa mtu wa Dodoma au Singida au Kongwa huko, maana miongozo mingi iliyopo mtandaoni imeandikwa kwa ajili ya Ulaya na ukiifuata kama ilivyo itakupoteza.

Kwanza tuelewane kuhusu ile pembetatu

Ile mishale mitatu inayofukuzana ilichorwa 1970 na mwanafunzi wa Marekani anaitwa Gary Anderson, kwenye shindano la kampuni ya makaratasi, na ilikua kwa ajili ya karatasi. Mwaka 1988 chama cha wenye viwanda vya plastiki cha huko huko Marekani kikachukua umbo linalofanana na hilo kikaweka namba ndani, 1 mpaka 7. Namba inasema kitu kimoja tu, hii plastiki ni ya aina gani. Haisemi kuna mtu atainunua wala haisemi kuna kiwanda kinaipokea. Hata wenyewe waliona watu wanachanganyikiwa, 2013 kiwango kikabadilishwa ili mishale iondolewe ibaki pembetatu ya kawaida, ila moldi za zamani bado zipo duniani kote na mishale bado unaiona. Jimbo la California 2021 likapitisha sheria kabisa ya kuzuia mishale kuwekwa kwenye kitu ambacho hakirejelezwi kiukweli. Sisi tunanunua bidhaa zenye mishale hiyo hiyo na hakuna wa kutuelezea.

Namba zenyewe ni hivi: 1 ni PET, chupa za maji na soda. 2 ni HDPE, madumu na chupa ngumu za sabuni na mafuta ya kupaka. 3 ni PVC, mabomba na zile pakti za vidonge vya dawa. 4 ni LDPE, nailoni laini. 5 ni PP, vifuniko, vikombe vingi vya mtindi, viti vya plastiki, salfeti. 6 ni PS, vijiko vya kutupa na boksi jeupe jepesi la chipsi. 7 ni "nyinginezo", yaani chochote kilichobaki pamoja na michanganyiko, kwahiyo 7 haikusaidii hata kujua ni nini.

Alafu kuna alama nyingine ambazo watu wanazichanganya na hii. Mtu anayetupa taka kwenye pipa maana yake usitupe ovyo, basi. Glasi na uma maana yake chombo kinafaa kwa chakula. Duara lenye mishale miwili ya kijani kwenye bidhaa za kutoka Ulaya maana yake mtengenezaji amelipia mfumo wa taka wa huko kwao, haihusiani na kama kitu kitarejelezwa. Na alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ni ya ubora wa bidhaa. Nimeshakutana na dada mmoja anatenga vitu kwa kuangalia alama ya TBS, na sikumlaumu, nani alishamfundisha?

Kwa ukubwa wa tatizo, kuna utafiti uliochapishwa 2017 uliopiga hesabu ya plastiki yote iliyowahi kutupwa duniani mpaka 2015, ikaonekana iliyorejelezwa ni asilimia 9 tu. Hiyo ni pamoja na nchi zenye mitambo ya kila aina.

Hatua ya 1: tafuta mnunuzi kabla hujaanza kukusanya

Hii ndo hatua niliyoiruka mimi. Kitu kinarejelezwa pale ambapo kuna mtu anakiweka kwenye mzani na kukulipa, au angalau anakichukua bure kwa sababu anajua pa kukipeleka. Hapa Dodoma wanunuzi wengi ni wale wale wa chuma chakavu, wana kona ya plastiki pembeni, na wengine wananunua plastiki peke yake. Kama humjui hata mmoja njia rahisi ni kumuuliza muokota makopo anayepita mtaani kwako asubuhi, msalimie vizuri, muulize anauza wapi na wanachukua nini. Hao ndo wanaojua soko kuliko mtu yeyote na mara nyingi atakwambia kila kitu.

Ukimpata mnunuzi nenda kwanza mikono mitupu au piga simu, usiende na mzigo. Muulize anachukua aina gani, na mwambie akuonyeshe lundo lake, kwa sababu akisema "plastiki ngumu" we unaweza kuelewa kitu kingine kabisa. Muulize rangi zipi. Muulize vifuniko vitoke au vibaki. Muulize anaanzia kilo ngapi, kama anakuja kuchukua ukiwa na mzigo mkubwa, na bei ya wiki hii, maana bei inapanda na kushuka na wa Dar akipunguza wa Dodoma anapunguza zaidi. Na hapo ndo penyewe pa kuelewa: mzigo mwingi wa huku unaishia kusafirishwa kwenda Dar es Salaam, kama kilomita 450, na plastiki ni nyepesi inajaza gari bila kuwa na uzito. Kwahiyo kitu ambacho Dar kinauzika vizuri, huku kinaweza kukosa mtu kabisa kwa sababu ya nauli tu. Ukisoma sehemu kwamba vikombe vya mtindi "vinarejelezwa Tanzania" usibishe, uliza tu vinarejelezwa umbali gani na wewe.

Hatua ya 2: jifunze kutambua kwa mkono, namba mara nyingi haipo

Chupa nyingi zimefutika namba, nyingine hazijawahi kuwa nayo. Hivi ndo nnavyofanya.

Geuza chupa uangalie kitako. Kama katikati kuna kinukta kigumu kama kitovu, hiyo ni PET karibu mara zote, kwa sababu inapulizwa kutoka kwenye kipande kidogo kama testi tyubu. Kama kitakoni kuna mstari umekatiza kutoka upande mpaka upande, kama mshono, hiyo imetengenezwa kwa njia nyingine, mara nyingi ni HDPE, na ikiwa imeangaza kama kioo alafu ina mshono hiyo iogope, inaweza kuwa PVC. PVC ni mbaya sana ikiingia kwenye makopo kwa sababu PET inayeyushwa kwenye nyuzi kama 250 hivi na kwenye joto hilo PVC inaungua na kutoa asidi, kipande kidogo tu kinageuza mzigo mzima kuwa wa njano na dhaifu.

Ukiwa bado hujui, kata kipande kidogo kama kucha, kisugue na tone la sabuni ili mapovu yasishike, kizamishe kwenye glasi ya maji ukiachie. Kikielea ni HDPE, LDPE au PP. Kikizama ni PET, PVC au PS ile ngumu. Viwandani nao wanatumia maji kutenganisha hivyo hivyo, vifuniko vinaelea na chupa inazama. Boksi la chipsi lisikudanganye, linaelea kwa sababu ya hewa.

Kifuniko chenye bawaba ya plastiki hiyo hiyo unakunja kunja hakikatiki, hiyo PP. Kijiko au kikombe kinachovunjika kwa mlio wa "ka!" ni PS. Nailoni ukiivuta ikarefuka kimya kimya ni LDPE, inayokakamaa na kupiga kelele ni PP, HDPE au mchanganyiko. Na mapakiti ya kung'aa ndani, krispi, biskuti, kahawa, yafinye ngumini alafu uachie, yakifunguka yenyewe hayo ni tabaka tofauti zimegundishwa pamoja, hamna mtu atayatenganisha.

Kuna watu watakwambia choma kidogo unuse. Mafundi wengine wanafanya hivyo ndio, ila moshi wa PVC una sumu na wa PS nao sio wa kuvuta, na we sio lazima ujue kila kitu kwa uhakika wa asilimia mia. Usiyoitambua iweke pembeni mnunuzi aiangalie.

Hatua ya 3: tenga kwa mafungu ya soko

Usitenge kwa namba saba, utachoka na majirani zako watakuacha. Tenga kwa jinsi wanunuzi wanavyotenga.

Fungu la kwanza ni makopo, chupa za maji, soda na juisi. Hili ndo fungu la uhakika kuliko yote na hata ukiishia hapa tu umefanya kazi kubwa. Nyeupe zinazoangaza ndo zinapendwa kwa sababu zinaweza kutengenezwa kitu cha rangi yoyote, uzi, mikanda ya kufungia mizigo, hata chupa tena. Za bluu nyepesi na za kijani wanachukua pia lakini uliza kama wanataka zitengwe. Zile za rangi nzito ambazo huoni ndani, mara nyingi zinakataliwa. Kuna karatasi nyingine ni plastiki inayobana chupa nzima kama soksi, itoe, kuna zinazotengenezwa kwa PVC. Ile lebo ndogo ya kuzunguka haina shida sana lakini ukiitoa haikugharimu.

Sasa sikiliza, sio kila namba 1 ni kopo. Vile vibakuli vyepesi vinavyoangaza vya kuwekea keki au zabibu na vyenyewe vinaweza kuwa na 1, ila plastiki yake inatengenezwa tofauti na inavunjika vipande vidogo kama unga ikisagwa, kwahiyo mnunuzi wa makopo anavitupa nje. Namba moja, hatima mbili. Hii ndo mfano mzuri kuliko yote wa kwanini ile pembetatu haitoshi.

Alafu kuna jambo la huku kwetu kanda ya kati ambalo hutalikuta kwenye mwongozo wa mtu mwingine. Chupa ya lita moja na nusu iliyo safi, kabla haijafika kwenye mzani wa plastiki ina soko lingine, la wauza mafuta ya alizeti na asali na maziwa. Ukipita barabara ya Singida au pale Kibaigwa unaona zimepangwa mezani. Kuitumia tena ni bora kuliko kuisaga, hilo halina ubishi, ila ujue mambo mawili. Chupa ya maji haivumilii maji ya moto kwahiyo kuisafisha kwa uhakika ni ngumu, mi siwezi kushauri uweke maziwa humo. Na ikishabeba mafuta ya alizeti inakua ngumu kuuza kwenye makopo, kule kiwandani mafuta yanataka maji ya moto na dawa kuyatoa, wengi wanaikataa mapema. Kwahiyo chupa za mafuta zisichanganywe na za maji kwenye salfeti moja, zitazipaka zote.

Fungu la pili ni plastiki ngumu. Madumu yaliyopasuka, ndoo, mabeseni, chupa za sabuni na za losheni, viti vilivyovunjika, kreti. Humo kuna HDPE na PP, mnunuzi mwenye uzoefu anazitenga mwenyewe kwa kuzigonga na kuzikunja, we zikusanye pamoja. Toa vyuma, yaani mishikio ya ndoo, skrubu na springi za pampu ya losheni, maana chuma kinavunja visu vya mashine ya kusaga na mnunuzi akikikuta mara moja hatakuamini tena. Dumu zima usiliuze kama taka, Dodoma kwa mgao wa maji huu dumu zima lina kazi. Kitu kingine, miongozo ya Ulaya inasema plastiki nyeusi hairejelezwi, na sababu yao ni mashine za kuchambua zinazotumia mwanga ambazo haziioni rangi nyeusi. Huku anayechambua ni binadamu ana macho, beseni jeusi analiona vizuri tu, bei inaweza kuwa chini kwa sababu litatoa kitu cheusi pekee lakini halikataliwi kwa rangi yake.

Vifuniko vya chupa viwekee mfuko wake. Ni vidogo lakini ni vizito kwa ukubwa wao na vinaenda fungu hili la plastiki ngumu.

Fungu la tatu ni nailoni, na hapa lazima niwe mkweli. Nailoni safi inayoangaza, kama ile inayozunguka kreti ya maji ya chupa za dazeni au ile inayofunika godoro jipya, ina thamani, lakini ikiwa nyingi na safi. Mwenye duka la jumla pale Majengo au Sabasaba anaweza kukusanya ikafika kilo nyingi kwa wiki, mtu wa nyumbani hawezi, labda mpatane na duka. Mifuko ya maziwa ni nailoni nzuri pia ila ikae siku mbili bila kuoshwa harufu yake hakuna atakayeisogelea, ikate ifunguke yote, isuuze, ianike.

Hapo hapo nijibu swali ambalo naulizwa kila mara, "si plastiki ilipigwa marufuku?" Kilichopigwa marufuku kuanzia 1 Juni 2019 ni mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, yale marambo. Vifungashio vya vyakula vya viwandani, vya dawa, vya kilimo, vya ujenzi, na mifuko ya taka viliachwa, ndo maana mkate na maziwa bado viko kwenye nailoni. Na ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, watu wengi wanaamini ni kitambaa kweli wanaitupa shambani wakidhani itaoza. Ni plastiki, ni PP, ndugu moja na salfeti. Ifue uitumie mpaka ichoke. Nimeuliza wanunuzi wangu wote hamna anayeichukua.

Fungu la nne ni lile ambalo halina mtu, na watu wanachukia kulisikia. Mapakiti ya krispi na biskuti, vipakti vidogo vya sabuni ya unga na nyanya, maboksi meupe ya chipsi ambayo karibu yote ni hewa, vijiko na mirija, tyubu za dawa ya meno, pakti za vidonge, pampers, na yale maboksi ya juisi na maziwa ya muda mrefu ambayo kwa nje ni karatasi lakini ndani yamegundishwa plastiki na foili. Ukiyaweka kwenye salfeti ya makopo ukitumaini kwamba "watajua wenyewe cha kufanya" unachofanya ni kuharibu mzigo mzuri. Na hata kama kwenye pakti pameandikwa rafiki wa mazingira au inaoza yenyewe, nyingi za hizo zinahitaji joto la mtambo maalumu, kama nyuzi 60 kwa wiki kadhaa, kwenye korongo la Dodoma haitaoza.

Kuna mtindo wa kushindilia haya mapakiti ndani ya chupa ya maji mpaka iwe ngumu kama tofali. Kama una ujenzi wa kweli unaofanya, sawa. Kama huna, umechukua kopo moja ambalo lilikua na mnunuzi ukaligeuza kuwa taka isiyo na mnunuzi.

Chupa za sumu zikae mbali kabisa

Huku kuna wakulima wa zabibu Hombolo na Makutupora, wa mpunga Bahi, wa mahindi na alizeti Kongwa, na wote wanapulizia dawa. Chupa za viuatilifu nyingi ni HDPE nzuri kabisa na zinamvutia muokota makopo. Usiziweke kwenye mafungu ya nyumbani hata siku moja, na usimpe mtu aweke mafuta ya taa au maji. Ukimaliza dawa isuuze hapo hapo shambani mara tatu, kila mara yale maji ya kusuuzia yamwage ndani ya bomba la kupulizia uyatumie kwenye mimea, alafu itoboe ili isitumike tena. Kisha muulize afisa ugani au duka ulilonunua dawa zinakusanywa wapi. Mabomba ya sindano na vitu vya hospitali navyo vivyo hivyo, haviingii humu.

Hatua ya 4: safisha bila kumaliza maji

Haihitaji kung'aa. Mnunuzi anakataa vitu vitatu: mchanga, chakula kilichooza, na kimiminika kilichobaki ndani, kwa sababu vyote anavilipia kama plastiki. Chupa ya maji haihitaji kuoshwa kabisa, imwage, itikise, basi. Ya soda na juisi isuuze kwa maji kidogo sana, ukiwa na chupa kumi maji ya ile ya kwanza yahamishie ya pili na ya tatu mpaka yaishe kumi. Za sabuni na losheni zioshee maji ya mwisho ya vyombo. Maji ya kunywa usiyatumie kwa kazi hii, kama kitu kinahitaji lita nzima kusafishika mi nakihamishia fungu la nne na roho yangu inatulia.

Mafuta yanahitaji subira zaidi ya maji. Igeuze chupa kichwa chini juu ya bakuli usiku kucha, yatatoka ya kukaangia yai.

Hatua ya 5: bana, hifadhi kivulini

Chupa ya nusu lita tupu ina gramu kumi na kitu tu, kwahiyo kilo moja inataka chupa 60 mpaka 100. Usipozibana salfeti nzima ni hewa na nauli ya guta inakula kila kitu. Fungua kifuniko, ikanyage kwa ubapa, na kama mnunuzi wako anakubali vifuniko ifunge tena hapo hapo ikiwa imebanwa, inabaki bapa. Kama hakubali basi vifuniko kwenye mfuko wake.

Jua la Dodoma linakausha vizuri lakini usiache mzigo juani miezi. Umeshaona salfeti iliyofungiwa uzio, baada ya muda ukiigusa inapukutika nyuzi nyuzi, jua linaifanya hivyo plastiki ya PP na ndoo nayo inaanza kukatika ovyo. Na upepo wa mwezi wa sita mpaka wa nane unaujua, salfeti isiyofungwa mdomo itakua imemwaga makopo mpaka kwa jirani wa nne. Funga kwa kamba, weka kivulini, na kabla ya mvua za Desemba hakikisha umeuza, chupa zikikaa na maji ndani unafuga mbu.

Hatua ya 6: siku ya kuuza

Pima nyumbani kwanza. Kama huna mzani muombe muuza nafaka akupimie salfeti moja, uandike, ukifika kwa mnunuzi unajua. Nenda asubuhi wakati hana foleni ili akuchambulie mbele yako, na kila atakachokikataa muulize kwanini. Hilo ndo darasa lenyewe, mi kila nikienda narudi najua kitu kimoja kipya. Mara ya mwisho nimejua kwamba mnunuzi wangu ameanza kuchukua vikombe vya mtindi vile vya PP kwa sababu amepata mtu anayetengeneza mabeseni, alafu mwingine wa upande wa Chang'ombe bado anavikataa. Kwahiyo rudia maswali ya hatua ya kwanza kila unapouza, jibu la mwaka jana sio la mwaka huu.

Na kama mzigo wako ni mdogo, chupa ishirini kwa mwezi, usihangaike na guta. Tenga, bana, mkabidhi muokota makopo wa mtaani, kwenye mfuko safi mkononi sio kwenye pipa la taka. Yule mama anayepita kwetu alikua anafukua kwenye pampers ili apate makopo yetu, na tulikua tunamwona kila asubuhi. Sasa anagonga geti, anapewa salfeti yake, anaondoka.

Fungu la nne linaenda wapi basi

Linaenda kwenye gari la taka na kutoka hapo dampo la Chidaya, na sio aibu kusema hivyo. Likiwa limefungwa vizuri na kufika dampo ni bora mara mia kuliko kuchomwa uani kwako watoto wakivuta ule moshi, au kupeperuka kwenda kwenye korongo. Jirani yetu mfugaji alichinja beberu lililokua linakonda bila sababu, tumboni kulikua na donge la nailoni na kamba kubwa kama mpira wa miguu. Wengi wetu tunafuga au tunakula nyama ya wanaofuga.

Kulipunguza ni mlangoni, pale unaponunua. Sabuni ya unga pakti moja kubwa badala ya vipakti ishirini. Chipsi beba bakuli lako lenye mfuniko, wauza chipsi wengi wanakubali bila neno. Maziwa nenda na kidumu. Maji ya dispensa yale madumu makubwa yanayorudishwa kujazwa. Sisi kaya nane tuliweka mfuko mmoja wa fungu la nne kwa kila nyumba tukawa tunaufungua pamoja jumamosi kuona nini kimejaa, na kwetu kilichoongoza ni mapakiti ya karanga na krispi za watoto. Kwahiyo sasa karanga tunapimiwa kwa kikombe kwa mama wa kona, kila mtoto anaenda na kopo lake la bati, na ule mfuko ambao ulikua unajaa kwa wiki unachukua karibu wiki tatu.